Mkutano wa Shule wa Saa Tatu Asubuhi ni wa Nani?



Katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za mishahara, za nyumba, na za wakubwa wasiojibu barua. Leo twaomba nafasi tuseme habari za shule. Twajua wako watakaouliza, shule na chama wapi na wapi? Hao wangoje kidogo, tutawafikia.

Muhula huu watoto wetu walikuja na barua kutoka shule moja ya Serikali hapa Dandora. Barua ilisema wazazi wote wafike Ijumaa saa tatu asubuhi bila kukosa, na mtoto ambaye mzazi wake hatafika asije darasani Jumatatu. Katika gangi letu la njia tuko watu kumi na mmoja, na watano kati yetu tuna watoto katika shule hiyo. Saa tatu asubuhi siku ya Ijumaa sisi tuko relini na spana na nyundo mikononi, pengine hapa karibu na stesheni ya Dandora, pengine mbele kule Mwiki. Tulimwomba nyapara ruhusa. Akasema anaweza kumwachilia mmoja lakini si watano, kwa maana taruma halibebwi na mtu mmoja. Hapo hakukosea. Basi tukachagua mmoja wetu akaenda kwa niaba ya wote.

Aliyoyakuta ni haya. Shule ina watoto zaidi ya elfu moja, na wazazi waliofika walikuwa thelathini hivi. Wengi wao ni akina mama wa sokoni ambao walifunga vibanda vyao na kupoteza mauzo ya asubuhi, na wengine ni wenye nyumba na wenye maduka, watu wasioamrishwa na saa ya mtu. Kabla ya saa tano mambo yote yalikuwa yamekwisha. Wazazi “wamekubaliana” kila mtoto alete shilingi 600 kwa muhula za kuwalipa walimu wa bodi, shilingi 200 za mitihani, shilingi 150 za mlinzi, na rimu moja ya karatasi. Mwenzetu aliinua mkono akauliza kama kutakuwa na stakabadhi. Akajibiwa kwamba pesa hizi ni za hiari, na jambo la hiari haliandikiwi stakabadhi. Jumatatu watoto ambao hawakuleta hiari wakarudishwa nyumbani.

Neno zuri sana hili hiari. Sisi tulisoma shule ya msingi ya misheni, na Padri alitufundisha kwamba sadaka ni hiari ya mtu. Lakini hatukumwona hata siku moja akimtoa mtu kanisani kwa sababu ametia kifungo cha shati katika kapu.

Hesabu ni rahisi. 600 na 200 na 150 ni 950, na mwenye watoto watatu ni shilingi 2,850 kwa muhula, bila kuhesabu rimu, sare, viatu, na vitabu vya mtaala mpya ambavyo kila wiki vinataka manila, gundi na rangi. Nasi twaambiwa kila siku kwamba elimu ya msingi ni bure. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungo cha 53, inasema kila mtoto ana haki ya kupata elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikaongeza kwamba mzazi asiyempeleka mtoto wake shule aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000 au kufungwa kifungo kisichozidi mwaka mmoja. Hatujambo. Lakini bado hatujaona mtu aliyefungwa kwa kumrudisha mtoto kutoka langoni.

Sasa tuseme habari ya mtoto mmoja, kwa maana ndiye aliyetufanya tuandike. Ni mtoto wa mwenzetu wa gangi, ana miaka kumi na minne, na alikuwa mmoja wa waliorudishwa Jumatatu ile. Baba yuko relini, mama yuko sokoni, na mtoto hakuwaambia neno. Jumanne aliondoka na mkoba wake kama kawaida, Jumatano vivyo hivyo, na Alhamisi jirani mmoja akamwona katika dampo. Alikuwa akiokota chupa za plastiki na vipande vya chuma, akivipeleka kwa wanunuzi wenye mizani. Alipoulizwa akasema anatafuta zile 600 za mwalimu, na amekwisha pata 340. Baba yake hakumpiga. Siku ya pili yake, wakati wa chakula, alikaa peke yake juu ya reli akala bila kusema na mtu.

Wasomaji wetu wa mitaa mingine hawalijui dampo kama tunavyolijua sisi tunaolinusa tukiwa vitandani. Lilianzishwa katika miaka ya sabini, ni kama ekari 30, na mwaka 2001 lilitangazwa kwamba limejaa. Mpaka leo malori yanamwaga. Mwaka 2007 shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, ambalo makao yake ni hapa hapa Nairobi, Gigiri, lilipima watoto 328 wanaokaa na kusoma karibu na dampo hilo. Nusu yao walionekana kuwa na madini ya risasi katika damu kupita kiasi kinachokubaliwa. Risasi hiyo huharibu akili ya mtoto, asishike anayofundishwa. Basi tazameni mwenendo wa mambo haya: mtoto anarudishwa kutoka mahali pa kutiwa akili, anakwenda mahali pa kuharibiwa akili, ili apate pesa za kurudia mahali pa kwanza.

Hata hivyo tusimrukie mwalimu mkuu. Tulikaa tukafanya hesabu yake kwa penseli, na tukaona naye amebanwa. Elimu ya msingi ya bure ilipoanza Januari 2003, Serikali ya Bwana Kibaki ilitoa shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka. Katika bajeti ya mwaka 2025 mgao huo ulikuwa bado 1,420. Nyongeza ya shilingi 400 kwa miaka zaidi ya ishirini! Ndugu zetu, kama mshahara ungepanda namna hiyo, reli yote ingesimama. Zigawe hizo 1,420 kwa siku za masomo za mwaka mzima, ambazo ni kama 190, utapata kwamba mtoto wa shule ya msingi amewekewa shilingi saba na senti hamsini kwa siku, hapo chaki, vitabu, maji na kutengeneza choo vyote vimo. Andazi moja la hapa stesheni ni shilingi 10. Tena mgao wenyewe huja umechelewa, au huja nusu, na mwenye duka la chaki hangojei.

Wakubwa husema Serikali inatumia pesa nyingi sana kwa elimu, na ni kweli. Katika bajeti ya mwaka 2025/26 elimu ilitengewa shilingi bilioni 702.7, zaidi ya robo ya bajeti. Zaidi ya nusu ya hizo ni za tume ya walimu, yaani mishahara, wala hatuionei wivu, mwalimu anafanya kazi. Lakini elimu ya msingi ya bure yenyewe, zile 1,420 za kila mtoto, ilipata bilioni 7 tu. Kati ya kila shilingi 100 za elimu, shilingi moja! Hii ndiyo shilingi inayopaswa kununua kila kitu ambacho si mwalimu katika shule za msingi za Serikali za nchi nzima. Tukisikia wakijisifu kwa zile 702, yafaa tuulize juu ya zile 7.

Kwa sekondari ni vivyo hivyo. Tangu mwaka 2018 imeandikwa kwamba kila mwanafunzi wa shule ya kutwa atalipiwa na Serikali shilingi 22,244 kwa mwaka. Julai 2025 Waziri wa Fedha, Bwana Mbadi, alisimama mbele ya wabunge akasema waziwazi kwamba pesa hizo hazipatikani, na kwamba zinazofika ni chini ya 17,000. Twamshukuru kwa kusema kweli. Lakini pengo hilo halijazibwa kwa kusemwa. Lazibwa na nani? Na mwaka huo huo Mkaguzi Mkuu wa hesabu za Serikali alieleza kwamba mgao umekuwa ukipelekwa hata kwa shule zisizokuwapo. Kumbe shule ya hewa inapata, na yetu yenye watoto mia katika darasa moja inaambiwa ingoje.

Sisi si wageni wa mambo haya. Tulianza shule wakati ule wa kugawana gharama, uliokuja mwaka 1988, na tulijua njia ya kurudi nyumbani kuliko tulivyojua hesabu. Mwalimu alikuja na karatasi, akisikika jina lako unachukua mkoba. Halafu ikaja Januari 2003. Tulikuwa arobaini darasani, na baada ya wiki mbili tukapita themanini. Mmoja alikuwa ameanza kuota ndevu, alikuwa ameacha shule miaka mitatu akichunga ng'ombe. Mama zetu walipiga vigelegele. Sisi watoto tulikaa wanne katika dawati la watu wawili, mmoja akiandika wengine wamngoje, na mwalimu alibaki yule yule mmoja. Hatusemi ilikuwa makosa kufungua mlango. Yule mwenye ndevu leo ni fundi wa umeme, ana nyumba yake. Twasema mlango ulifunguliwa na vyumba havikuongezwa.

Wazee wetu wanasema hata wao waliyaona. Mwaka 1974 Serikali ya Mzee Kenyatta iliondoa karo ya darasa la kwanza mpaka la nne. Mara ikaja pesa ya kujenga, na mahali pengine pesa hiyo ilizidi karo iliyoondolewa. Ni behewa lile lile, namba imepakwa rangi upya.

Na Dandora ina shida yake yenyewe. Mtaa huu ulianza kupimwa viwanja katika miaka ya sabini kwa mkopo wa Benki ya Dunia, viwanja kama 6,000, kila mtu ajenge vyumba vyake kidogo kidogo. Shule za msingi ziliwekwa katika ramani tangu mwanzo, jambo la kusifiwa. Lakini ramani ile ilifikiri nyumba za chini. Leo katika viwanja vingi imesimama ghorofa juu ya ghorofa, chumba kimoja kimoja, na katika kila chumba watoto. Uwanja wa shule haukupanda ghorofa. Tangu mwaka 2023 tena, sekondari ya chini imetiwa katika shule za msingi, na sasa madarasa ya Gredi ya 7, 8 na 9 yanatafuta nafasi katika vyumba vile vile. Sayansi inafundishwa bila maabara, mwalimu anachora chupa ubaoni na kuwaambia watoto wafikiri kwamba inachemka.

Walimu waliopelekwa huko walianza kama wanagenzi, kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Waligoma mwaka 2024, na Januari 2025 walimu 46,000 wakapewa kazi ya kudumu. Twawapongeza, hawakupewa kwa kupiga magoti. Lakini yuko mwalimu mwingine ambaye hakuna anayemtaja, naye ni yule wa bodi. Huyu hakuajiriwa na tume, anaajiriwa na shule kwa zile 600 zetu. Tulipomwuliza mmoja, alisema apata kama 9,000 kwa mwezi zikipatikana, na likizo hapati kitu. Hana chama wala barua ya kazi. Ana shahada. Huyu ndiye anayemfundisha mtoto wako hesabu.

Kwa sababu hiyo hatukubaliani na mwenzetu mmoja anayesema tukatae wote kulipa hata senti. Maneno yake ni matamu, na sheria iko upande wake. Lakini tukikataa zile 600, wa kwanza kufukuzwa ni mwalimu wa bodi, na wa pili ni mtoto, na katika afisi ya mgao hakuna atakayekosa chai yake. Sisi tungesema hivi: zile za mwalimu wa bodi tulipe kwa sasa, kwa stakabadhi yenye muhuri wa shule, na mtoto asirudishwe hata kama mzazi wake hajapata. Za mitihani, za mlinzi na za rimu, hapana, mpaka tuonyeshwe mgao ulikuja kiasi gani na ukaenda wapi. Twajua wako watakaosema tumelegea. Waje tubishane katika mkutano.

Wako pia wanachama waliotoa watoto wao shule ya Serikali wakawapeleka katika akademia za mabati, ambazo zimeota kila kichochoro. Hatuwalaumu, mtu anakimbia darasa la watoto mia. Nyingine ni nzuri na walimu wake wanajitahidi. Lakini wakumbuke Septemba 2019, pale Ng'ando, Dagoretti, shule ya namna hiyo ilipoanguka asubuhi na kuua watoto wasiopungua saba. Na hata kama akademia yako haianguki, ukiondoka umeondoka na sauti yako, na waliobaki ni wale wasio na pa kwenda.

Sasa tuwajibu wale waliouliza, shule na chama wapi na wapi. Kila nyongeza tunayoipigania mezani na mwajiri inapita katika mfuko wetu siku mbili, halafu inaingia langoni mwa shule. Kama chama kinahesabu bei ya unga na kodi ya nyumba kinapodai mshahara, kwa nini kisihesabu hiari? Tena jambo hili halikuanza na sisi. Marehemu Tom Mboya alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Kenya, na mwaka 1959 alikuwa mbele katika kupeleka ndege ya wanafunzi 81 Marekani. Hakusema elimu si kazi ya wafanyakazi. Na reli yetu yenyewe, mwaka 1906, ndiyo iliyoanzisha hapa Nairobi shule ya watoto wa Wahindi wa kazini, ambayo leo ni Jamhuri High School. Maana yake wakubwa wa reli wa zamani walijua kwamba fundi asiye na shule ya mtoto wake hakai. Mtoto wa Mwafrika aliyebeba mataruma hakuwekwa katika hesabu hiyo, lakini hesabu waliijua.

Tusisitize pia kwamba pesa zikitakiwa hupatikana. Reli mpya ya Mombasa mpaka Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2017, iligharimu kama shilingi bilioni 327, na sehemu kubwa ni mkopo wa Uchina. Sisi ni watu wa reli, hatuwezi kuichukia reli. Tulifanya hesabu tu: pesa hizo zingewapa watoto milioni 6 mgao wao wa 1,420 kwa miaka thelathini na minane. Mkopo si pesa ya mfukoni, twajua, na reli nayo yatakiwa. Lakini asitokee mtu akatuambia nchi haina.

Tunalotaka chama kifanye si kubwa. Katika mapatano yajayo na mwajiri, kidai siku moja kwa kila muhula, yenye malipo, kwa mfanyakazi mwenye mtoto shuleni. Kiandikie shule za mtaa huu kwamba mikutano ya wazazi iwekwe Jumapili alasiri, watu wakitoka makanisani, au Jumamosi jioni kwa ndugu zetu wengine. Na kitukumbushe kwamba sheria ile ya 2013 imewapa wazazi viti sita vya kuchaguliwa katika bodi ya shule. Viti sita! Nani amevikalia katika shule ya mtoto wako? Sisi tulipoulizana katika gangi, hakuna aliyeweza kutaja hata jina moja. Bodi ndiyo inayojua mgao ulifika siku gani na ulikuwa kiasi gani. Mtu wetu akiwa ndani, tarakimu hizo zaweza kubandikwa langoni kwa karatasi moja, na hiyo rimu wanayotudai itakuwa imepata kazi.

Na tuseme kweli juu yetu wenyewe. Hata mikutano ya Jumapili, ilipokuwako zamani, wengi wetu wanaume hatukwenda. Tuliwaachia akina mama, tukaenda kutazama mpira, jioni tukauliza, “Walisema nini?” Mama wa kibanda aliyepoteza mauzo ya asubuhi ndiye aliyesimama peke yake mbele ya meza ile akaambiwa wazazi wamekubaliana.

Mkutano wa tawi ni Jumapili ya mwisho ya mwezi. Kila mwenye mtoto katika shule ya Serikali alete karatasi zote alizoletewa tangu Januari, hata zilizochanika, na aandike nyuma yake alilipa kiasi gani na kama alipewa stakabadhi. Karani wa tawi amekubali kuweka daftari. Yule mwenzetu aliyekwenda mkutano wa Ijumaa amesema atagombea kiti cha bodi uchaguzi ukiitishwa, lakini anataka watu wa kushika nafasi yake katika taruma siku za vikao. Mpaka tunapoandika haya watatu wamejiandikisha. Mtoto yule amerudi darasani. Shilingi zake 340 baba yake amezikataa, na bado ziko katika kopo dirishani.

Ni sisi wa gangi la njia, Dandora.